Mpiga Reli na Ndege wa Ukutani

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa ndani ya sanduku. Machimboni walimwita Kengele, nyumbani watoto walimwita baba, na dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alimwita mdogo wangu hata alipofika miaka arobaini na sita na ndevu zake kuanza kupata mvi. Kazi yake ilikuwa moja: kupiga reli.

Reli yenyewe ilikuwa kipande cha chuma cha njia ya treni, kirefu kama mkono wa mtu mzima, kimening'inizwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya winchi iliyokufa zamani, juu kabisa ya machimbo ya mawe. Hapo mwanzo palikuwa na king'ora cha umeme. Kiliungua, kikapelekwa kutengenezwa, na hadi leo kiko huko kinatengenezwa. Basi Kengele alipewa reli, nyundo na bendera nyekundu, akaambiwa: kabla ya baruti, piga mara tatu, ngoja watu watoke, halafu shusha bendera. Fundi wa baruti, aliyekuwa kwenye kibanda chake cha zege ng'ambo ya shimo, alikuwa haangalii kitu kingine ila ile bendera. Ikishuka, anawasha utambi.

Chini, waponda kokoto walikaa chini ya maturubai, kila mtu na rundo lake. Walitoka kila upande wa dunia ile. Ukipita kati yao asubuhi ungesikia lugha nne kabla hujalifikia pipa la maji, na Kiswahili kilichopondwapondwa kama mawe yenyewe. Wengine walikuwa hawawezi kuombana chumvi bila kuoneshana kwa vidole. Lakini reli ikilia, wote walielewa. Aliyefika jana alimtazama aliyefika mwaka jana, akamwona anatupa nyundo na kukimbia, naye akakimbia. Haikuhitaji mkalimani.

Dada yake Kengele alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameponda kokoto kwa miaka kumi na tisa, na mlio wa nyundo ulikuwa umemla sikio la kulia lote na la kushoto nusu. Ukitaka akusikie, useme mara mbili. Mara ya kwanza anageuza uso, mara ya pili anasikia.

"Dada, chai imepoa."

"Eh?"

"Chai imepoa!"

"Sasa unanifokea nini? Mimi si kiziwi."

Tena turubai lake lilikuwa kwenye ngazi ya chini kabisa kati ya zile zilizochongwa mwambani kushuka shimoni, nyuma ya bega la mwamba, karibu na mashine ya kusaga. Mashine ikinguruma, hata mwenye masikio mazima alikuwa anaisikia reli kwa kubahatisha. Kwa hiyo yule mama alijitafutia masikio mengine. Aliyapata ukutani.

Ukuta wa mwamba, pale juu ya vichwa vyao, ulikuwa mji wa ndege. Kwenzi walikuwa na viota kwenye nyufa, njiwa kwenye vibaraza vya mawe, mbayuwayu chini ya ukingo. Chini ya ukuta kulikuwa na vichaka vya miiba, na humo alikaa shore, ndege mdogo mwenye kishungi na mdomo usiolala. Dada alikuwa ameketi chini ya ndege hao miaka yote hiyo, na mtu asiyesikia vizuri hutazama sana. Alijua kwamba shore akimwona mwewe hupiga kelele kali, ya haraka haraka, na hapo hapo kwenzi na njiwa, ambao si ndugu zake wala hawaijui lugha yake, hujitupa vichakani kama mawe yaliyoangushwa. Hata mijusi waliokuwa wanaota jua huingia mashimoni. Mwewe mwenyewe hawajamwona. Wamemwamini shore, basi.

Ndege walikuwa wameijua na reli. Walikuwa wamejifunza kwamba mlio ule hufuatwa na mshindo. Reli ikilia, waliruka wote, lakini si kama kwa mwewe. Kwa mwewe walishuka. Kwa reli walipanda, wakazunguka juu ya shimo kama majani makavu kwenye kimbunga, mpaka vumbi litue.

"Kwa mwewe, chini. Kwa mdogo wangu, juu," alikuwa akimwambia kila mgeni aliyetandika turubai jirani naye. "Ukiwaona wamepanda, tupa nyundo. Usingoje kusikia."

Jirani yake wa karibu, mama mmoja aliyeitwa Bi Miwani kwa sababu alivaa miwani ya kuchomelea isiyokuwa na kioo cha upande mmoja, alimcheka siku ya kwanza. Siku ya pili alianza kutazama juu. Baada ya mwaka, ngazi nzima ya chini ilikuwa inawatazama ndege.

Na Kengele naye alijifunza kutoka kwa dada yake. Kanuni ilisema akishapiga reli ateremke hadi kwenye ukingo, achungulie ngazi ya chini ambayo huko juu haionekani, ahakikishe ni tupu, ndipo apande na kushusha bendera. Masika fulani njia ile iliporomoka. Kuzunguka kulichukua robo saa nzima. Dada akampa akili: "We unahangaika nini? Ndege wakipanda, na sisi tumeondoka. Tunatoka pamoja. Tazama ukuta. Ukiwa mtupu, shusha bendera yako ukanywe chai." Ikawa hivyo. Miaka sita ukuta ulikuwa mtupu kila mara, na kila mara ngazi ilikuwa tupu. Msimamizi alipenda sana utaratibu huo kwa sababu uliokoa muda. Hakuuliza umetoka wapi.

Msimamizi huyo watu walimwita Bwana Mizani, maana muda wote alikuwa kwenye kibanda cha kupimia malori. Hakuwa mtu mbaya wa kutisha watoto. Alikuwa mtu wa hesabu, na katika hesabu zake palikuwa na shimo: watu wa mjini walikuwa wanaingia mchana kupitia uzio uliokatika, wanakusanya mawe yaliyolegea juu ya ukuta na kuondoka nayo kwa mikokoteni. Walinzi wawili walikuwa ghali. Siku moja akapanda mwenyewe hadi kwenye nguzo, akihema, akaketi juu ya jiwe.

"Kengele, ukipiga hiyo reli, wale wezi wanafanyaje?"

"Wanakimbia, bosi. Nani asiyekimbia?"

"Basi. Kuanzia kesho, ipige saa sita na saa tisa."

"Kuna baruti saa sita na saa tisa?"

"Hakuna. Kuna wezi."

Kengele alikuwa si mtu wa maneno mengi, lakini hili lilimtoka. "Bosi, hii reli ina neno moja tu. Tukilisema bure, litakufa."

"Neno halijazi lori, bwana. Piga."

Alipiga. Alikuwa na watoto watatu shuleni na nyumba ya vyumba viwili ambayo chumba kimoja kilikuwa bado na bati la kuazima. Siku ya kwanza, saa sita, watu wa mikokoteni walikimbia, waponda kokoto walikimbia, na ndege wakapanda wote. Walikaa barabarani nusu saa wakingoja mshindo. Haukuja. Jioni dada yake alimngojea langoni, mikono kiunoni, vumbi limemfanya mweupe kama mwashi.

"Mdogo wangu, umekuwa mramba."

"Dada, nimeagizwa."

"Eh?"

"Nimeagizwa!"

"Na mramba naye kaagizwa na tumbo lake." Wote wawili walimjua mramba, yule ndege mweusi mwenye mkia uliopasuka. Hukaa tawini akingoja mwenzake aokote panzi mnono. Ndipo hupiga kelele ya hatari, hata ya shore anaweza kuiga, mwenzake akakimbia na kuacha chakula, naye akashuka kula. "Lakini mramba ana akili kumshinda bosi wako. Mara nyingine husema kweli, na wakianza kumzoea hubadilisha sauti. We una sauti ngapi?"

Kengele alikuwa na reli moja.

Wiki ya pili, saa sita, njiwa hawakuruka. Wiki ya tatu kwenzi nao walibaki, wakageuza vichwa tu, kama watu waliosikia deni la jirani. Waponda kokoto walikuwa wameshaacha kutoka tangu siku ya nne. Anayelipwa kwa rundo hawezi kukaa barabarani saa nzima kila siku kwa ajili ya mchezo. Jambo la ajabu ni kwamba siku za baruti ya kweli ndege waliendelea kupanda. Kengele aliwaza sana juu ya hilo, kisha akagundua: siku za kweli, fundi wa baruti na vijana wake hupita asubuhi chini ya ukuta na magunia yao, wakijaza mashimo. Ndege waliwaona. Magunia pamoja na reli, waliruka. Reli peke yake, walikaa.

Dada yake aliligundua jambo lile lile kabla yake, na alilifurahia. "Ndege wameshamjua bosi," aliwatangazia watu wa ngazi ya chini. "Sasa msisikilize reli, inadanganya. Sikilizeni ndege." Watu wakacheka, wakamwamini, na kwa miezi miwili hakukosea hata siku moja.

Usiku mmoja Kengele alimwendea nyumbani kwake. Walikaa mlangoni, kila mtu na kikombe.

"Dada, hama kule chini. Njoo ngazi ya juu, huku mimi nakuona."

"Huko juu mawe ni magumu."

"Nina wasiwasi na hao ndege."

"Eh?"

"Nina wasiwasi na ndege!"

"Mimi nina wasiwasi na watu," alisema, akamwaga masalia ya chai yake kwenye vumbi. Hilo ndilo lilikuwa jibu, na Kengele akaondoka nalo. Alikuwa amezoea kumtii.

Siku yenyewe ilianza kwa mvua ya siku iliyotangulia. Alasiri ile fundi wa baruti alikuwa ameshajaza mashimo yake yote ukutani mvua ilipoanguka. Aliyafunika kwa nailoni, na kazi ikasimama. Waponda kokoto, wakikusanya maturubai yao, waliambiwa mashimo yameloa, hakuna kulipua mpaka keshokutwa. Asubuhi jua likatoka, na malori saba ya mjenzi mmoja mkubwa yakapanga mstari langoni yakitaka mawe. Bwana Mizani akamwita fundi. Fundi akasema nailoni imezuia, baruti ni kavu. Bwana Mizani akampungia mkono Kengele kule juu: leo, sasa hivi.

Hakuna aliyekwenda kuwaambia watu wa ngazi ya chini. Kazi ya kuwaambia ilikuwa ya reli.

Kengele alipiga mara tatu, kwa nguvu zake zote. Wa ngazi za juu, waliouona mkono wa bosi, walitoka. Yeye akatazama ukuta. Asubuhi ile hakuna gunia lililopita chini yake. Kwenzi walikuwa wamekaa. Njiwa walikuwa wamekaa, wakijichokonoa manyoya yaliyoloa jana. Alipiga tena. Akapiga mara ya tatu, mpaka mnyororo ukamkata kiganja. Ndege walikaa vile vile, na yeye akajua kwamba kama ndege wamekaa, na dada yake amekaa.

Ilimpasa azunguke. Robo saa kwenda, robo saa kurudi. Alikwisha kuipiga hatua ya kwanza, bendera ikiwa bado juu, Bwana Mizani alipoanza kupiga honi ya gari lake kule mizani, honi ndefu isiyokatika. Kengele aligeuza kichwa kutazama gari. Alipokirudisha, ukuta ulikuwa mtupu.

Hakukuwa na njiwa mmoja wala kwenzi mmoja. Nyufa na vibaraza vya mawe, basi. Moyo wake ulirudi mahali pake. Wametoka, alijiambia, wamesikia ile ya tatu. Hakutazama angani kama wamepanda. Miaka sita alikuwa ametazama ukuta, na ukuta ulikuwa mtupu. Akashusha bendera.

Alipoinua macho, ndipo alipomwona mwewe. Alikuwa anapita peke yake juu ya shimo, taratibu, mbawa zimetanda, na anga yote iliyobaki haikuwa na ndege. Kutoka vichakani, chini ya ukuta, alisikia shore akilia.

Alipandisha bendera tena. Aliipunga kwa mikono miwili, akapiga kelele mpaka koo likachanika. Lakini fundi alikuwa ameshainama kwenye utambi, na mtu aliyeinama kwenye utambi haangalii kitu kingine.

Walimtoa dada yake saa nane mchana. Wengine wa ngazi ile walipona kwa sababu walikuwa wamekwenda kwenye pipa la maji ambalo siku hiyo lilihamishiwa mbali na tope. Bi Miwani alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto, naye ndiye aliyemweleza Kengele, siku ya tatu, kwenye kitanda cha hospitali, akiwa bado na vumbi masikioni.

"Reli mimi niliisikia," alisema. "Nikamwambia, mama, reli. Akatazama juu. Akasema, kaa, huyo bosi anacheza. Halafu ndege wakaruka. Mimi nikainuka, si ndivyo alivyotufundisha? Akanishika gauni. Akasema, kaa chini wewe, hujui kuangalia? Wameshuka hao. Huyo ni mwewe, si mdogo wangu. Mdogo wangu akipiga, wanapanda."

Kengele alikuwa ameshika kofia yake. Aliigeuza, akaigeuza.

"Aliona sawasawa," Bi Miwani alisema.

"Aliona sawasawa," Kengele alijibu. "Mimi ndiye sikuona."

Katika ripoti iliandikwa kwamba marehemu alikuwa eneo lisiloruhusiwa baada ya onyo kutolewa mara tatu. Hilo la mara tatu lilikuwa kweli. Bwana Mizani alikuja msibani, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, akatoa mkono wa pole uliokuwa baridi kwa jasho. Alipokuwa anaondoka, Kengele alimsikia akimwambia dereva wake kwa sauti ya chini, kama mtu anayejifariji, "Ndiyo hivyo. Sikio la kufa halisikii dawa." Watu walifikiri Kengele atamrukia. Hakuinuka. Alikuwa anawaza kwamba sikio la dada yake lilikuwa bovu kwa miaka kumi na halikumuua. Kilichokufa kwanza kilikuwa reli, na aliyeishika nyundo alikuwa yeye.

Alikaa nyumbani wiki tano. Mkewe alidhani hatarudi. Akarudi. Alipanda hadi kwenye nguzo, akaifungua reli kwenye mnyororo, akaibeba begani mpaka kwenye kibanda cha mizani na kuilaza chini mbele ya mlango.

"Hii nini?" Bwana Mizani aliuliza.

"Reli yako, bosi. Wapigie wezi."

"Na watu?"

"Watu nitawaambia mimi."

"Utawaambiaje? Wako mia na kitu! Malori yanangoja!"

"Mmoja mmoja."

Bwana Mizani alianza kumtukana, akamtukana kwa utulivu na mpangilio, mpaka fundi wa baruti, aliyekuwa amesimama nyuma akisugua mikono kwa kitambaa, aliposema neno moja. Fundi huyo tangu siku ile alikuwa halali vizuri. "Mimi siwashi mpaka huyu bwana aje aniambie kwa mdomo wake. Ukitaka haraka, utambi ule pale, kawashe mwenyewe." Ndivyo utaratibu mpya ulivyoanza, bila karatasi wala mkutano.

Sasa kila siku ya baruti Kengele anashuka na bendera yake begani, ngazi hadi ngazi, turubai hadi turubai. Anamgusa kila mtu bega. Toka, mama. Toka, kijana. Toka, mzee, acha hiyo nyundo, utaikuta. Inachukua karibu saa nzima. Wapo wanaomchukia kwa saa hiyo, na wengine humtania, wakimwita Bwana Harusi kwa jinsi anavyopita akisalimia wageni wote. Hacheki, wala hakasiriki. Neno lake ni fupi, na hajawahi kulisema bure hata mara moja.

Ndege wa ukutani walirudi baada ya miezi michache, kwenye nyufa mpya. Nao wameshamjua. Akifika katikati ya njia, na bendera ile nyekundu begani, njiwa hupanda kwanza, kisha kwenzi, wakazunguka juu kabisa. Waliofika karibuni huwashangaa na kuoneshana kwa vidole. Kengele hainui macho kuwatazama.

Mwisho hufika ngazi ya chini, nyuma ya bega la mwamba, mahali ambapo turubai moja halipo tena, limebaki lile jiwe bapa ambalo dada yake alikuwa akilikalia. Hapo husimama, akainama, akaligusa.

"Dada, toka," husema. Kisha, kwa sauti ya juu zaidi: "Dada, toka!"

Wiki iliyopita msichana mmoja mgeni, aliyekuwa bado anaviringisha turubai lake, alimwona akamshika mkono Bi Miwani. "Mama, huyu anazungumza na nani?"

Bi Miwani alikuwa anafunika rundo lake kwa mkono wenye vidole vitatu. Hakugeuka.

"Na dada yake. Twende."

"Mbona anasema mara mbili?"

"Ana sikio zito," Bi Miwani alisema. "Mara ya kwanza huwa hasikii."